Kitenzi Kilichoingilia Ushenga Wangu

Kwa Mkuu wa Kituo cha Kiingereza cha Watu Wazima,
Juu ya duka la vitambaa,
Beanibazar.

YAH: OMBI LA KUFUTWA KWA KITENZI KISAIDIZI

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na walimu wako, pamoja na ile feni yenu inayopiga kelele kuliko wanafunzi. Mimi naitwa Abdul Matlib Talukdar, mshenga. Kwa miaka ishirini na minane nimeunganisha ndoa mia mbili na kumi na tatu katika mji huu. Zilizovunjika hazikuvunjwa na maneno yangu, maana maneno yangu yote yalikuwa mazuri.

Nakuandikia kwa heshima zote kuhusu kitenzi kisaidizi cha Kiingereza, "can", yaani kuweza, ambacho kituo chako kimeamua kuwafundisha watu wazima wenye akili zao bila kumuuliza yeyote. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mwalimu wako, Dilara Apa, yaani Dada Dilara kama wote wanavyomwita, huwakalisha wanafunzi wawili wawili, mwanamume na mwanamke, kwa kufuata daftari la mahudhurio. Kisha anawaamuru waulizane: Unaweza kupika? Unaweza kushona? Unaweza kuimba? Mheshimiwa, hayo ni maswali yangu. Siku ya kumtazama msichana mimi ndiye huyauliza, baada ya chai na vitamutamu, mbele ya shangazi wasiopungua watano. Msichana huinamisha uso, na mama yake humjibia. Huko kwako mtu anajiulizia mwenyewe, bila shangazi hata mmoja, tena amevaa ndala.

2. Chukua mfano wa Lutfa. Miaka sita nimezunguka na wasifu wake chini ya kwapa. Niliuandika mwenyewe: anaweza kupika samaki wa ilish kwa namna saba, anaweza kudarizi, na hajawahi kupandisha sauti. Nilipiga chuku kidogo, kama kazi inavyotaka. Familia kumi na moja zilikuja, zikala, zikaaga. Darasani kwako alikaa saa moja tu na Motin, fundi wa pampu za maji. Naambiwa alimtazama usoni, macho makavu, akamwambia, "Kupika siwezi. Wali wangu hata kuku wanaususa. Ila pikipiki naendesha, na ikiharibika nafungua injini mwenyewe." Motin, badala ya kukimbia kama wenzake kumi na mmoja, akasema, "Basi mimi nitapika, wewe utanipeleka sokoni." Ndoa yao ni mwezi ujao. Baba yake Lutfa alinishika mkono katikati ya barabara akaniambia, "Mshenga Saheb, kumbe miaka sita ulikuwa unamtafutia mume binti wa mtu mwingine!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa adabu.

3. Habari zimeenea. Alhamisi iliyopita akina mama wanne walikaa benchi la nyuma la darasa lako wakitafuna tambuu, na hakuna hata mmoja aliyeshika kalamu. Mmoja alipoombwa afungue kitabu alijibu, "Mwanangu, mimi sikuja kusoma. Endeleeni, nasikiliza." Sasa kijana akikiri kwamba hawezi kuogelea, mtaa mzima unajua kabla hajafika kwao. Kwa miaka ishirini na minane mabwana harusi wote wa mji huu walikuwa wanajua kuogelea, na hakuna aliyezama.

4. Kitenzi hicho kina ukanusho wake, na huo ndio sumu. Kwetu sisi mtu mzima hasemi "siwezi". Anasema inshallah. Anasema tutaona, au anakohoa na kuuliza habari za mvua. Nusu ya ndoa nilizounganisha zimesimama juu ya "tutaona", na zina wajukuu. Kama ni lazima mfundishe vitenzi visaidizi, nimeulizia nikaambiwa Kiingereza kinacho pia kile cha "lazima". Anzeni na hicho. Ndicho watakachokitumia watakapooana.

5. Ili nisionekane mtu wa umbea, nilikuja kujionea mwenyewe. Nilisimama mlangoni na mwavuli wangu, sijafungua hata mdomo, Dilara Apa akasema, "Mjomba, umechelewa. Kaa pale." Pale palikuwa na kiti kimoja tu kilichobaki, kando ya Jobeda Begum, mjane mwenye duka la dawa. Huyu nimewahi kumpelekea posa za watu mara mbili, na mara zote mbili alinirudisha akisema, "Mshenga Saheb, miaka kumi na moja mkeo amefariki. Jitafutie kwanza wewe, ndipo uje kwangu na ya wengine."

Akaniuliza kutoka kitabuni kama naweza kupika. Nikasema siwezi. Ningesema nini? Kila mchana ananiona nikila hotelini, ng'ambo ya duka lake. Ndipo akafunga kitabu akaniuliza, "Unaweza kula peke yako?"

Mheshimiwa, swali hilo halimo kitabuni. Nimekagua kurasa zote. Nikajibu kwa Kiingereza, neno kwa neno, kwamba ndiyo, naweza. Dilara Apa akanipigia makofi, akasema sentensi yangu haina kosa.

Kweli haikuwa na kosa. Ila ilikuwa uongo. Maisha yangu yote nimesema uongo kwa niaba ya watu, nikaenda nyumbani nikalala vizuri. Huu mmoja wa kwangu mwenyewe umenikaa kooni kama mwiba wa ilish, na Jobeda Begum aliandika jibu langu kwenye daftari lake, taratibu, bila kuniangalia tena.

Kwa hayo yote naomba kitenzi hicho kifutwe katika masomo yako mara moja, kifutwe ubaoni na vitabuni, na wanaume wakae upande wao kama zamani. Nisipojibiwa nitapeleka suala hili kwa wazee wa msikiti, ambao wengi wao niliwaoza mimi.

Nisalimie Dilara Apa, nisalimie mlinzi wa ngazini, na wale akina mama wa benchi la nyuma.

Wako katika ujenzi wa nyumba za watu,

Abdul Matlib Talukdar, Mshenga

Tanbihi: Nimeona kwenye ubao wa matangazo kwamba wiki ijayo mnaacha "kuweza" na kuingia wakati uliopita. Tafadhali sana, msiharakishe. Rudieni "kuweza" japo kwa siku moja, na daftari la mahudhurio lisipangwe upya. Kuna swali nililijibu vibaya, nami naomba niulizwe tena na mtu yule yule.