Babu Yetu wa Batha

Leo nimeumbuka. Na kabla sijaeleza, nikiri jambo nililolikana kwa miaka ishirini na saba: ile picha ya Babu Mkuu iliyo kwa shangazi yangu Jeddah, mimi ndiye niliyeileta. Na si Babu Mkuu.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo. Niliinunua Batha, hapa Riyadh, kwenye duka la vitu vilivyotumika, kwa sababu ilinipendeza tu: mzee mwenye ndevu za kutisha, joho linapepea, upanga mkononi. Shangazi Zuhura akaniuliza, "Nani huyu unayeniletea ndani?" Shangazi hapendi picha za watu ukutani. Ningesema simjui, ingeishia jaani. Nikasema, "Babu yake babu. Nimepewa na mzee mmoja wa Unguja."

Shangazi akalia. (Hapo ndipo ningesema ukweli. Sikusema.) Aliondoka Unguja mwaka wa Mapinduzi, mtoto mdogo, na nguo aliyovaa. Hawakuchukua picha hata moja. Akamtundika ukumbini, na ukifika wakati wa sala humfunika kwa kanga.

Basi Babu akakua. Akapata jina, akapata safari, akapata ukarimu. Ukoo mzima ukaanza kujitambua kwa pua yake. Wapo waliouliza, "Lakini nani kasema ni yeye?" Mimi nikajibu kwamba picha nimeikuta tu pale ukutani. Nimewahi hata kuandika makala kuhusu pua hiyo. (Naomba asiitafute mtu.)

Juzi Shangazi akashuka Riyadh na Babu kwapani, kazungushiwa kanga. Mjukuu wake anaoa wiki ijayo, ukoo unakuja kutoka Maskati na Unguja, naye anataka Babu awe kwenye bango la mlangoni. Ila karatasi imechakaa. Asafishwe kwanza.

Kosa langu, nilimsimulia Njeri habari ya kumsafisha Babu. Njeri ni Mkenya, mimi huniita auntie, anafanya kazi kwenye jumba moja la Al-Malqa ninakofundisha watoto Kiingereza. Akanipigia jana, na simu ilikuwa kwenye spika.

"Auntie, si umlete huyo babu yenu hapa? Madam ako na mgeni Mjapani, kazi yake ni kutengeneza picha za zamani za karatasi."

Shangazi alikuwa keshasimama anatafuta baibui.

Leo saa nne asubuhi tumeketi sebuleni. Madam yuko juu. Mgeni ni mama mpole wa miwani, anazungumza Kiingereza tu. Shangazi ana Kiswahili na Kiarabu. Mkalimani mimi. (Nilifurahi. Anayetafsiri hawezi kuumbuka.)

Mgeni akafunua kanga, akatabasamu kama aliyekutana na jirani wa kwao. Akataja jina ambalo si la babu yeyote wa Unguja.

"Anasemaje?" Shangazi akauliza.

"Anasema ni picha nzuri."

Mgeni akaendelea taratibu. Kwamba picha hizi huchongwa kwenye ubao, zikapigwa chapa, huko kwao Japani. Kwamba huyu ni mtu wa hadithi za kale za Uchina: msomi aliyefaulu mtihani akanyimwa cheo kwa ubaya wa sura, akajiua kwenye ngazi za ikulu, na roho yake ikaapa kumlinda mfalme dhidi ya mashetani. Wajapani walimtundika nyumbani awakinge watoto na ndui.

"Anasema," nikatafsiri, "alikuwa mtu msomi."

"Alhamdulillahi."

"Na alifika ikulu."

"Nilijua mimi!"

Njeri alikuwa anamimina kahawa. Akasita. "Lakini auntie, si amesema walimnyima kazi juu ya sura mbaya?"

"Sura ya nani?" Shangazi akauliza.

"Ya babu yenu, mama."

Nikamtazama Njeri kwa jicho ambalo mtu yeyote wa pwani angelielewa. Njeri anatoka Nyeri.

Mgeni akaomba kuitoa picha kwenye fremu. Nikasema hakuna haja. Shangazi akasema, "Mtoe, apumue." Akatolewa. Kumbe fundi wa Batha alikuwa na fremu fupi, akaikunja karatasi kwa chini. Mgeni akaikunjua. Miguu ya Babu ikatokea, imevaa mabuti. Chini ya buti la kulia, kiumbe chekundu chenye pembe mbili na makucha, ulimi nje.

Shangazi akasogea karibu.

"Na huyo nani?" Shangazi akauliza.

Nimesoma chuo kikuu miaka minne. Nikasema, "Labda jirani."

"Ana pembe."

"Zamani watu walikuwa..."

"Mwanangu. Huyu ni babu yetu au si babu yetu?"

Nikasema si babu yetu. Nikayasema yote: duka, uongo, mzee wa Unguja ambaye hakuwapo. Njeri, kwa wema wake, akawa anamtafsiria mgeni neno kwa neno. Mgeni akaziba mdomo. Madam akashuka kuuliza kuna msiba gani, ikabidi nirudie kwa Kiarabu. (Nimeumbuka kwa lugha tatu. Elimu ina faida zake.)

Shangazi akasimama. Akamfunga mzee na shetani wake kwenye kanga, akarudi Jeddah kwa ndege ya mchana. Shikamoo yangu ya kuagana hakuiitikia. Tangu nizaliwe hajawahi kuiacha. Nikakaa na simu mkononi. Ukoo sikuuogopa. Niliogopa kwamba mama wa watu nimempora babu pekee aliyekuwa naye.

Magharibi simu ikalia.

"Nimefika nyumbani Ghulail," Shangazi akasema. "Nimeshamtundika."

"Nani?"

"Huyo wako. Tumekuja nchi hii hatuna hata picha ya mbuzi. Miaka ishirini na saba namwamkia kila asubuhi. Leo nimfukuze aende wapi, na ikama ya kuishi hapa hana?"

"Shangazi, nisamehe."

"Nyamaza. Nimempitisha kwa mchapaji, bango linatengenezwa. Shetani nimemwacha palepale chini ya buti, watu wa Maskati waone mzee alikuwa na kazi yake. Na siku ya harusi utasimama wewe, mbele ya ukoo wote, uwaeleze ulimtoa wapi. Halas."

Akakata.

Harusi ni Alhamisi. Mtakaokuja, naomba mkae viti vya nyuma, na mcheke kwa zamu.