Vita Vyangu na Kiko cha Babu

Jumatatu, 10 Juni

Siku tano zimebaki na gauni la harusi halina mikono. Hilo si tatizo. Tatizo ni Babu Kiko! Dereva wa treni mstaafu, anakaa ghorofa ya chini yangu. Treni aliiacha, moshi hakuuacha. Kiko chake kinafuka kutwa, na moshi wote unapanda hadi sebuleni kwangu. Sebule yangu ndiyo karakana yangu.

Asubuhi nimewasha pasi ya mkaa kwenye ngazi kama kawaida. Pasi ya marehemu baba. Ya umeme haina uzito, haiheshimu kitambaa. Nikiwa napiga pasi akaingia Mwalimu Mkuu, mama wa bibi harusi. Akanusa satini. Akanusa tena. Kasema gauni likinuka hivi Jumamosi, binti yake ataazima la binamu yake, na sare za shule atapewa fundi mwingine.

Sare za shule nzima! Bila hizo sisi tunahama nyumba hii. Nimejibu kwamba aondoe shaka. Mimi mwenyewe nina shaka tele.

Jioni mke wangu ameshuka kwa Babu Kiko kurudisha bakuli. Amerudi ananieleza jambo. Sijalisikia, nilikuwa naandika haya.

Jumanne, 11 Juni

Mkakati wa kwanza: kuziba. Dirisha, tundu la hewa, chini ya mlango, kote nimekaza vipande vya vitambaa. Vya rangi moja, mimi si mshenzi.

Moshi wa Babu Kiko hauingii. Raha! Nikashika pasi, nikaanza kazi. Saa nne jasho. Saa tano kichwa kinagonga. Saa sita naona sindano mbili kwenye cherehani, nikajitahidi kutunga uzi kwenye ile isiyokuwapo.

Mke wangu karudi kutoka maktaba anakofanya kazi, kafungua kila kitu kwa nguvu. Kasema mtu anayejifungia na pasi ya mkaa anatafuta kuzikwa. Nimemwambia sumu ile ni ya kiko, imepenya. Ameniangalia kama anavyowaangalia watu wanaochelewesha vitabu.

Gauni bado linanuka. Umeona? Hata nikiziba!

Jumatano, 12 Juni

Mkakati wa pili: feni. Nimeifunga dirishani, uso nje, moshi urudi ulikotoka. Nimeweka pasi karibu ili nisipoteze muda. Nikawasha feni kasi ya tatu.

Saa moja ya amani kamili. Kisha hodi, kali. Mama Mapacha wa ghorofa ya kwanza, mikononi shuka jeupe lenye madoadoa kama kanga wa porini. Alikuwa ameanika kumi na mbili. Kaniita shemeji, lakini kwa sauti ambayo si ya shemeji. Nimemweleza kwa upole kuwa hilo ni jivu la kiko. Akafungua kiganja. Ndani mna kipande cha mkaa, kikubwa kama punje ya mahindi. Kauliza kiko hicho kinavutwa na nani, tembo?

Nimefua mashuka kumi na mbili. Mikono imechakaa, na mikono ya gauni bado.

Alhamisi, 13 Juni

Mkakati wa tatu, wa akili: barua isiyo na jina. Nimeandika kwa mkono wa kushoto, nikatia sahihi "Wapangaji Wenye Mapafu". Maneno makali lakini ya heshima. Nikaisukuma chini ya mlango wa Babu Kiko, nikapanda kwa ncha za vidole.

Mchana maafa. Vipimo vya bibi harusi havionekani! Nimepekua daftari, makasha, hata sufuria. Bila vipimo siwezi kukaza kiuno, na bibi harusi yuko safarini mbali hadi Jumamosi. Nimekaa sakafuni nikaona sare zote za shule zikipita mbele yangu, zinakwenda kwa fundi mwingine.

Saa kumi Babu Kiko akagonga. Kaniamkua vizuri, mwanangu hujambo, kisha akanikabidhi karatasi. Kasema huenda ni yangu, maana nyuma yake kuna kifua, kiuno na nyonga, na yeye kiuno cha namna ile hakuwa nacho hata siku ya kuajiriwa.

Vipimo! Karibu nimkumbatie. Nimekana barua, nimechukua vipimo. Akaanza kunieleza kitu kuhusu kiko na geti. Nikafunga mlango, kwa adabu. Na adui hatuzungumzi.

Ijumaa, 14 Juni

Gauni limekwisha. Zuri mno! Linanuka mno!

Saa tisa msimamizi wa jengo akaita kikao kwenye ngazi. Ajenda moja: moshi. Hatimaye! Nimevaa tai. Nimesimama mbele, karibu na Babu Kiko, ili watu waone tofauti.

Msimamizi akasoma malalamiko. Moshi kila asubuhi. Kwenye ngazi. Kutoka kwenye pasi.

Wote wakanigeukia. Nikasema moshi wa kazi si moshi, na mbona kiko hakitajwi? Babu Kiko akatoa kiko mdomoni, hakina moto. Kasema tangu Jumatatu jioni anavutia nje ya geti, kwa sababu binti yake wa juu alishuka akamwomba vizuri. Binti yake wa juu ni mke wangu! Nikamtazama. Kasema aliniambia siku ileile. Nilikuwa naandika.

Kwa hiyo harufu ya wiki nzima ni ya pasi. Ya marehemu baba. Nimeona haya, sifichi. Nikakaa kwenye ngazi na tai yangu. Gauni kesho, nami ndiye niliyelifukiza.

Babu Kiko akainama, akasema roshani yake inapata upepo wa pande mbili, gauni likalale huko. Na anayo pasi ya umeme, aliyokuwa akinyooshea sare za kazi. Mama Mapacha alinishika bega. Nimeahidi mbele ya wote kuwashia mkaa uani.

Jumamosi, 15 Juni

Mwalimu Mkuu kafika saa mbili na binti yake. Kanusa mkono wa kulia. Kanusa wa kushoto. Kageuza bitana, kanusa pindo. Mimi nimeacha kupumua tangu mkono wa kulia.

Kasema halinuki kitu.

Bibi harusi akavaa. Kiuno sawasawa! Akalia, mama yake akalia, nami nikaenda jikoni nikalia peke yangu nimeshika beseni. Hatuhami! Sare zote kwangu, na karatasi ya vipimo vya darasa la kwanza Mwalimu Mkuu ameniachia palepale mezani. Nimepumua kwa mara ya kwanza wiki hii, hewa safi hadi miguuni. Mke wangu kacheka, kanifuta uso kwa kipande cha satini.

Jumapili, 16 Juni

Nimelitafakari jambo lote kwa utulivu. Ni wazi barua yangu ndiyo iliyomtisha Babu Kiko. Mke wangu anasema barua ilifika siku tatu baada ya Babu kuhamishia kiko getini. Hayo ni mambo ya tarehe.

Pasi nitawashia uani, ahadi ni ahadi. Isipokuwa siku za mvua. Leo kuna wingu.

Lakini hili la vitunguu vya Mama Mapacha halivumiliki! Anakaanga tangu saa tatu, na kesho naanza sare. Mke wangu anasema nishuke nimwombe. Nishuke! Nimeshaanza barua, kwa mkono wa kushoto. Nimepata karatasi safi kabisa hapa mezani, nyuma yake tu ndiyo ina tarakimu za watoto fulani.