Shavu la Paka wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Paka wa mama mkwe kang'atwa na mwenzake. Shavu limejaa usaha. Mama mwenyewe yuko safarini, na paka nimeachiwa mimi. Mimi! Siyo Bwana Nadhifu, mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu. Mama alisema wazi: atakayemtunza paka wake vizuri ndiye atakayekabidhiwa duka la vitambaa. Daktari wa mifugo kalipasua shavu, kalisafisha, kanipa vidonge. Asubuhi na jioni mpaka viishe, hata paka akionekana mzima. Kila siku nimtumie picha na kumweleza kama anakula. Kazi ya kitoto.

Jumanne, 4 Juni
Nilificha kidonge ndani ya samaki. Samaki kaliwa, kidonge kikatemwa kwenye kiatu changu. Nikajaribu kumfungua mdomo. Vidole vyangu, jamani! Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini, kisha kamviringisha paka kwenye taulo, kidonge kikapita. Bahati tu.

Alhamisi, 6 Juni
Paka kafufuka! Anakula, masikio hayana joto, uvimbe umenywea. Nimempima kwa utepe wa mke wangu wa kupimia nguo. Mama kaona picha, kasema mimi ni mwanawe wa kumzaa. Bwana Nadhifu kapita kuuliza kama dozi inaendelea. Wivu huo!
Ila gego langu linauma, na ufizi umevimba usaha. Nikawaza. Paka mzima, vidonge vipo, jino halilali. Usaha ni usaha, uwe wa paka au wa mtu. Nimemeza viwili. Mke wangu nimemwambia apumzike, dawa nitampa paka mimi mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni
Vidonge vimeisha. Jino bado. Paka kajificha chini ya kitanda, samaki hataki. Daktari na mama nimewatumia picha ya Alhamisi. Atachangamka tu.

Jumapili, 9 Juni
Balaa! Shavu limerudi, kubwa kuliko mwanzo. Nilipomgusa alilia, na mimi roho ikaniuma kweli. Nikambeba mbio kwa daktari. Kashangaa: jana kwenye picha shavu lilikuwa safi. Nikasema labda dawa ilikuwa mbovu. Bwana Nadhifu, aliyejileta kwa kiherehere chake, kachungulia simu ya daktari, kasema picha hiyo ina pazia la kijani, na shemeji yake, yaani mke wangu, alilishusha Ijumaa akalifua, na bado halijarudishwa. Mwanaume mzima anakagua mapazia!
Hapo hapo jino likanichoma, nikajishika. Daktari akatazama shavu la paka, akatazama langu. Kisha akampigia mama simu.

Jumanne, 11 Juni
Mama karudi. Duka kapewa Bwana Nadhifu. Paka na dozi mpya kapewa mke wangu. Mimi nimeambiwa nitafagia mbele ya duka. Nimeumia kuliko jino.

Ijumaa, 21 Juni
Paka kapona kabisa, anapita mbele yangu mkia juu. Mimi nina dawa zangu kutoka kwa daktari wa meno. Naye kasisitiza nizimalize hata nikipata nafuu. Hawa watu wana wimbo mmoja! Jino limetulia tangu juzi, kwa hiyo nimeacha. Vidonge vilivyobaki nimevificha kabatini, nyuma ya mashuka. Mama anasafiri tena wiki ijayo, na leo asubuhi nimemwona paka anajikuna shavu.