Bati Chakavu Ni Sisi

Jumatatu, 3 Machi
Bango kwenye ukuta wa duka la dawa: BATI CHAKAVU, ukumbi wa manispaa, Jumamosi saa kumi jioni. Moyo ukaniruka. Hatimaye! Kisha nikaona picha. Watu wanane, suruali za njano, tarumbeta. Muziki wa fanki! Bati Chakavu ni sisi: mimi na gitaa, shemeji yangu mchomelea vyuma na ngoma, Kinyozi na besi. Roki tupu, miaka minne, karakanani kwa shemeji. Nani mwingine duniani angejiita hivyo kama si mwizi? Mke wangu kasema wao angalau wana bango.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kuwapasulia ukweli. Mkubwa wao ni nani? Mwalimu wangu wa hesabu wa darasa la sita, sasa mstaafu! Nilikuwa nimeandaa matusi, ikatoka shikamoo. Akasema wao ni Bati Chakavu tangu sijaota ndevu, kisha akauliza kama siku hizi najua kugawanya. Nimeondoka baada ya kuwasaidia kupakia spika garini. Zote sita.

Jumatano, 5 Machi
Akili imefunguka! Nimempigia simu msimamizi wa ukumbi, nikajitambulisha: Bati Chakavu hapa. Si uongo. Nikamwambia Jumamosi tutaanza saa nane badala ya saa kumi. Akakubali bila swali. Wenye suruali za njano watakuta tumeshamaliza, na mji mzima unajua jina ni la nani. Shemeji kauliza kama Mwalimu ana habari. Nimemwambia yeye apige ngoma, mikakati aniachie mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa. Yule msimamizi, mtu mwaminifu kupita kiasi, alibandika saa mpya kwenye kila bango mjini. Saa nane kasoro, tarumbeta zote mlangoni. Mwalimu hajawahi kuchelewa maishani mwake. Tukapanda jukwaani wote. Akapendekeza tupige kwa zamu. Mimi? Zamu? Nikapandisha sauti ya gitaa hadi mwisho. Fyuzi ikaungua, ukumbi mzima ukazimika.

Tarumbeta hazihitaji umeme. Wakaendelea! Mpiga ngoma wao hakuwepo, saa nane alikuwa bado kazini, basi shemeji akaziba pengo. Kinyozi akashikishwa kengele. Miaka minne sikuwahi kuyaona meno yake. Leo nimeyaona yote. Watu wakacheza hadi juu ya viti. Mimi nimesimama na gitaa bubu, kama mtu aliyeachiwa mzigo wa mwenzake stendi. Mwishoni wakaipigia Bati Chakavu makofi. Nikainama nami. Nilikuwa na haki.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji na Kinyozi wamekuja pamoja, wamechomekea kama wanaokuja kuposa. Wanahama. Kwenda wapi? Bati Chakavu. Nikawaambia mko Bati Chakavu tayari. Wakasema ile nyingine. Hata fulana hawana haja ya kubadili! Walipoondoka mke wangu akaanza kucheka, akanitazama machoni, akaacha. Imeniuma. Tulikuwa watatu tu, tukigombana kila Alhamisi, na nilizipenda Alhamisi zote.

Mchana Mwalimu ametuma ujumbe: nafasi ya gitaa ipo, njoo kesho.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekwenda. Nyimbo mbili tu, shemeji nyuma yangu, Kinyozi ubavuni, hasira zote zikayeyuka. Mwalimu akasema karibu nyumbani. Nikasema asante, nimekubali, ila kwa sharti moja: watafute jina lingine, hili ni langu. Wakacheka. Nikadai kura. Kumi kwa mmoja. Nikakunja waya wangu, nikatoka kichwa juu. Shemeji akanifuata hadi mlangoni, akinisihi nirudi. Thubutu!

Mke wangu kauliza imekuwaje. Nimemwambia nimeshinda, jina nimeliokoa. Sasa kinachonipungukia ni mpiga ngoma, mpiga besi na wasikilizaji.