Uzinduzi wa Namba ya Kumnasa Fundi Bandia

Mwakilishi wa mwakilishi wa Mheshimiwa, ambaye yuko njiani. Viongozi wa dini zote, wakiwemo waliofuata chai. Wazee wa mtaa. Wafanyabiashara wa Kitale, hasa Bwana Hitesh aliyetuazima vipaza sauti hivi na ambaye amesimama pale kuvilinda. Ndugu zetu mliotoka Bungoma kwa sababu huko viti vilikosekana. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa hata kwa wale niliowasahau. Awali ya yote mimi, Mkurugenzi Kibiwott, naomba radhi kwa kuchelewa kuwajibu. Barua yenu ya kulalamikia matapeli wa simu ilinifikia mkipanda mahindi, nami najibu mahindi yakiwa stoo. Huko si kuchelewa, ni kushauriana na washikadau. (Makofi, meza kuu peke yake.)

Adui mnamjua. Anapiga, anajiita fundi wa mtandao, anasema simu yako imeingia virusi, nisomee namba iliyokuja kwa meseji. Ukimaliza kusoma, laini si yako tena. Utafiti wetu wa kina, uliofanyika katika semina ya kujengeana uwezo, umebaini kwamba asilimia mia moja ya walioibiwa kwa simu walikuwa na simu. (Kicheko nyuma.) Msicheke. Data haichekwi.

Naona mama amesimama, mtoto mgongoni. Kaa, mama, maswali ni mwisho. ("Nimekaa tangu mvua ya kwanza, mheshimiwa!") Basi sema kwa ufupi. ("Naitwa Nafisa, natoka Bungoma, pale karibu na msikiti. Huyo fundi alichukua laini yangu. Hospitali walisema watapiga kwa hiyo laini siku ya huyu mtoto kupasuliwa jicho ikifika. Nimewapa namba ingine, wanasema kompyuta imekataa. Na dukani wanasema hawanirudishii laini bila barua ya ofisi yako, iko na mhuri. Si unipe tu hiyo barua niende?") Asante, Mama Nafisa. Kisa chako kitaingia kwenye ripoti, ukurasa wa picha, wewe na mtoto mkitabasamu. ("Atatabasamu aje na jicho halioni?") (Minong'ono.)

Sasa nije kwenye mradi. Mradi Jumuishi wa Kumkabili Fundi Bandia, utakaohudumia wananchi kuanzia mji wa Kwanza hadi Kibabii, una kituo cha kisasa, una vijana waliopigwa msasa, una namba ya dharura inayopokelewa usiku na mchana, na umebuniwa na mimi. Nilikuwa ofisini, simu ikalia. Mtu akasema, kwa Kiingereza cha puani, kwamba anapiga kutoka makao makuu. Mnajua desturi ya ofisi zetu: makao makuu yakipiga, mtu anasimama. Nikasimama. Nikafunga na vifungo vya koti. Mtu huyo, aliyejiita Injinia Maikoli, akanieleza kwamba ofisi yangu imeingia virusi mpaka kwenye mhuri, na kwamba mradi wote ataujenga yeye, kwa njia ya simu, mimi nisijisumbue. Mhuri niliutuma kwa basi siku hiyo hiyo, ukasasishwe. (Mzee wa safu ya mbele: "Ati nini?") Ukasasishwe, mzee. Ni teknolojia.

Namba ya dharura ndiyo hii kwenye bango. Inueni bango! (Nafisa: "Mheshimiwa, si hiyo ndiyo ilinipigia? Iko hapa kwa simu bado!" Mwingine: "Hata mimi!" Mwingine: "Na mimi, bana!") Mnaona jinsi huduma yetu ilivyoenea? Imewafikia hata kabla ya uzinduzi. ("Piga basi, tusikie!") Napiga, tena mbele ya kipaza sauti, kwa uwazi na uwajibikaji. (Simu inalia. Sauti ya puani inajaa uwanja: "Mkurugenzi, umesimama?") Nimesimama, Injinia. (Uwanja unaangua kicheko. Hitesh anashika nyaya zake. Simu inakatwa.)

Tulieni. Ni hitilafu ndogo ya mtandao. Mama, jukwaani hupandi bila... ("Nyamaza, baba, tunamaliza sasa," anambembeleza mtoto. Kisha: "Kaa chini, mheshimiwa. Andika barua na mkono, bonyeza kidole. Hitesh ako na wino. Halafu tutatembea na wewe mpaka dukani, uwaambie kwa mdomo yako mhuri ilienda wapi.") Mama, utaratibu... ("Andika.") Naandika. (Makofi, safari hii ya uwanja mzima.) Iingizwe kwenye kumbukumbu kwamba mradi umeanza kutoa matunda.

Fundi bandia! (Uwanja: "Umesimama?") Mradi hoyee! ("Uko wapi?") Kwa hayo machache nawashukuru kwa subira yenu, bila hiyo mngekuwa mmeuliza mapema. Wafadhili mnaonisikiliza, ili kituo kifunguliwe rasmi, tutumieni yafuatayo: mhuri wetu, ukionekana kwenye basi lolote, simu ya mezani, na meza, vijana wawili wa kupokea, wasiosimama ovyo, kituo, kikiwa na mlango... ("Anza na laini yangu.") Naam, kwanza kabisa laini ya Mama Nafisa, ile ile, kabla hospitali haijapiga, halafu hayo mengine, na nafasi ikibaki kwenye basi, mradi.