Malalamiko Dhidi ya Mtu Aliyerudia Hesabu Yangu

Jumatatu

Ndugu Mhariri wa Jarida la Kemia,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya njema na moyo mtulivu, maana mimi ninayeiandika nimekosa vyote viwili tangu Ijumaa.

Mwaka jana mlichapisha makala yangu kuhusu molekuli inayonasa moshi wa viwandani kwa nguvu ya arobaini na saba, wakati ndugu zake wote hawavuki sita. Niliijenga mezani kwa mikono yangu, kwa vijiti na vitufe vya plastiki, nikainakili kitufe baada ya kitufe kwenye kompyuta, kompyuta ikapiga hesabu. Sasa kuna binti mmoja, mtafiti wa chuo kingine, amewaletea makala kwamba amerudia hesabu hiyo na kupata sita. Sita, Mhariri! Malalamiko yangu ni haya:

1. Aliniomba mafaili yangu kwa adabu iliyopitiliza, akianza na shikamoo. Nilimjibu marahaba, nikaishia hapo. Basi akaichukua fomula iliyomo kwenye makala, akajenga molekuli yake mwenyewe. Huku ni kuyachukulia maandishi yangu kana kwamba niliyaandika ili yasomwe.

2. Aliuliza nilitumia toleo gani la programu. Nilitumia lililokuwamo. Kompyuta yetu, tunayoiita Bi Mkubwa, haifanyi kazi mpaka ipepewe na feni, tena dirisha likiwa limefungwa. Bi mkubwa haulizwi umri.

3. Amepiga hesabu mara tatu, na mara zote tatu amepata sita. Mtu anayepata jibu lilelile mara tatu hana ubunifu. Mimi nilipiga mara moja tu nikaridhika. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Naomba binti akumbushwe.

4. Alhamisi kamati inakaa kuamua kama mimi ni profesa. Mama mkwe wangu, ambaye kwa miaka kumi na tisa aliniita "yule wa kompyuta", wiki iliyopita aliniita Profesa mbele ya majirani, na nguo ya sherehe ameshashona. Naogopa, Mhariri, sikufichi. Hiyo sita ikichapishwa, nitarudi kuwa yule wa kompyuta mpaka nife.

Kwa hiyo naomba jarida lako lipige marufuku kurudia hesabu ya mtu ambaye bado yu hai. Jibu liwe la aliyelipata kwanza, na wanaotaka majibu mengine wakatafute molekuli zao, ziko nyingi. Na kama maumbile yenyewe yatashikilia sita, basi maumbile yaandikiwe barua ya onyo, nakala nipewe mimi.

Wasalimie wahakiki wako, hasa yule aliyepitisha makala yangu bila swali hata moja, Mungu amzidishie. Wasalimie pia wapiga chapa, bawabu wenu na wote nyumbani.

Wako katika kuonewa,

Mhadhiri Mwandamizi (hadi Alhamisi),
Chumba Namba 9, ghorofa ya pili

Nyongeza, Jumatano: Juzi nilipokuwa natafuta bahasha, mama anayetusafishia ofisi alisogeza kabati, akaniwekea kitufe kidogo cheupe juu ya barua hii. "Mwalimu, hiki si chako? Kiko uvunguni huko tangu mwaka jana, nilidhani umekitupa." Kitufe cheupe ni hidrojeni. Nikahesabu vyeupe vya mezani: kumi na tatu. Fomula ya makala yangu inasema kumi na nne. Kumbe molekuli yangu ilikuwa na mkono mmoja mtupu, na mwenye mkono mtupu hudaka chochote kipitacho, sembuse moshi. Nimekirudisha kitufe mahali pake, nikampepea Bi Mkubwa siku mbili. Ametoa sita.

Tafadhali chapisha hiyo sita. Kamati nimeshaiandikia, mama mkwe nitamwambia mwenyewe, nikiwa nimesimama karibu na mlango. Na yule binti nimemtumia mafaili yote asubuhi ya leo, ila safari hii aliyeanza na shikamoo ni mimi.