Punda wa Noeli Asiseme kwa Sauti Yangu

Katoyi, Goma
Jumatatu, baada ya Jumapili ya pili ya Majilio

Kwa Mama Léoncie Munezero,
Prezida wa Kamati ya Filimu za Watoto

Mama Prezida,

Nakusalimu kwa heshima, na kabla ya kulalamika nakushukuru. Kila Jumapili ya Majilio, saa nane mchana, kamati yako inawaonyesha watoto wetu katuni za Noeli, nao wanakaa kimya saa nzima, jambo ambalo mimi, katika miaka thelathini na sita ya kufundisha shule ya msingi, sikuliona hata siku moja. Filimu zinasema Kifaransa cha haraka, kwa hiyo mmemweka Donat, fundi wa redio, asimame kando ya kitambaa cha kuonyeshea, mikrofoni mkononi, awasemee wanyama wote kwa Kiswahili chetu. Ni kazi nzuri. Malalamiko yangu yanahusu mnyama mmoja tu.

1. Punda mzee anayevuta gari la zawadi anasema kwa sauti yangu. Sisemi inafanana, ni yangu. Anakohoa mara mbili kabla ya "kwa hiyo". Anawaambia dubu na sungura, "Tutulie, tuanze mwanzo." Donat nilimfundisha mwaka wa nne. Alikaa nyuma karibu na dirisha, na mwaka mzima nilidhani amelala. Sasa najua alikuwa anasikiliza, na nasikitika kwamba alichokishika ni kikohozi.

2. Hapa Goma hatuna punda. Mizigo yetu inabebwa na chukudu, ambayo ni mbao na magurudumu na haina maoni. Kwa hiyo watoto wa Katoyi hawajawahi kumwona punda, na punda wa kwanza kumjua ni mimi. Asubuhi wananipokea pale bombani: "Jambo, Muzee Punda." Wanasema kwa adabu, wameinama kidogo, na mtoto mwenye adabu utamkemeaje? Nilisimama niwaeleze tofauti kati ya punda na mwalimu mstaafu, nikianzia kwenye meno. Vidumu vyote vilijaa kabla sijafika kwenye kwato. Binti mmoja, Joviale, akamwambia mwenzake, "Njo vile anasemaka mu filimu," yaani, kwa Kiswahili sanifu, ndivyo anavyosema katika filimu.

3. Katika filimu hiyo, inayorudiwa kila Jumapili, punda anasimama juu ya kilima kuwaeleza wenzake theluji ni nini, na wakati anaeleza, gari la zawadi linateleza nyuma yake mpaka mtoni. Huu ni uzushi. Mimi sijawahi kueleza kitu ambacho sijakishika kwa mkono. Ni kweli niliwahi kutoa somo la theluji, na somo lilichukua siku mbili, lakini nilikuwa na mchoro, na hakuna kitu kilichoanguka mtoni.

4. Twizeyimana wa kwaya alikuja nyumbani kuniomba niingie katika mchezo wa Noeli. Nilifurahi. Nina ndevu, nikadhani ni Yosefu. Akatoa utepe wa kupimia na kuomba kipimo cha kichwa changu, kwa ajili ya masikio. Nilikataa, nikaanza kumweleza kwa nini, akaondoka kabla sijamaliza.

5. Hili ndilo linalonileta kwako, mengine ningeyavumilia. Mjukuu wangu Christa ana miaka minane. Tangu aanze kusema, kila jioni huniletea swali lake: kwa nini wingu juu ya mlima ni jekundu, nani aliweka gesi ndani ya ziwa. Mimi namjibu, naye husikiliza mpaka mwisho. Tangu aione hiyo filimu, nikianza kujibu, hacheki wala haondoki. Anaangalia nyuma yangu, kuona kama kuna kitu kinateleza. Jana hakuleta swali.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu punda anyamazishwe. Kama ni lazima aseme, apewe sauti ya mtu mwingine, hata yako, Mama Prezida, ambayo ni nzuri na inasikika hadi sokoni. Tena, kabla ya kila filimu lisomwe tangazo kwamba punda huyo si mimi. Nimeliandika tayari; lina kurasa nne, na naomba lisomwe polepole. Hilo likishindikana, filimu zote za wanyama wanaosema zisimamishwe Goma nzima, mpaka wanyama hao wajifunze kunyamaza kama wenzao wa hifadhi ya Rumangabo.

Wasalimie wanakamati wote, mama yake Donat, wanakwaya pamoja na Twizeyimana na utepe wake, na watoto wa bombani, ambao kosa si lao.

Mimi, ambaye subira yangu bado ipo,

Zihindula Cirimwami
Mwalimu mstaafu

N.B. Barua hii imekaa mezani hadi Jumapili kwa sababu nilikuwa nasahihisha tangazo. Leo Christa amerudi kutoka kwenye filimu analia. Sauti ya Donat imekauka. Dubu na sungura amewasemea kwa kunong'ona, na punda hakumweza kabisa. Pale kilimani punda alifungua kinywa tu. Watoto wakamsemea kwa pamoja, "Tutulie, tuanze mwanzo," lakini hakuna aliyejua yanayofuata. Halafu Christa akaniuliza, "Babu, theluji ni nini?" Nilimjibu. Alisikiliza mpaka mwisho.

Jumapili ijayo, saa nane kasorobo, nitakuwa kando ya kitambaa, Donat apumzike. Naomba tu filimu isimamishwe kidogo pale kilimani, maana katika maelezo ya Donat kulikuwa na makosa mawili. Na umwambie Twizeyimana kwamba kichwa changu ni sentimita hamsini na nane. Nimepima mara tatu.